Kibua Kisichouzwa

Zuhra anauza dawa pale Bungu, na sijaona muuzaji mgumu wa kuuza kama yeye. Nilimwendea na kapu langu la vibua vya moshi, macho yangu makavu, yanachoma kama yametiwa mchanga. Nikataka vidonge vya mafuta ya samaki.

“Bi Mwanaheri, vibua hivi nyumbani mnakula?”

“Thubutu! Vinono ni vya sokoni. Sisi tunakula ugali na kisamvu.”

Zuhra akarudisha kopo la vidonge rafuni. Akanikanya nisiinamie tena moshi wa chanja ninapokausha samaki, akanihimiza nikapimwe macho hospitali. Kisha akachagua kibua kinono kuliko vyote, akakilipia, akanitia mkononi.

“Hiki kale mwenyewe.”

Maisha yangu yote nakausha samaki. Hicho ndicho cha kwanza kununuliwa kwa ajili yangu.