Maji Niliyoyapeleka Maabara

Ilikuwa mwaka 2009, masika yakielekea ukingoni, nami nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Naikumbuka siku yenyewe, Jumatano ya tarehe 20 Mei, kwa sababu ndiyo siku niliyopokea ndoo ya kuchujia maji kabla ya mwanamke mwingine yeyote wa mtaa wetu hapa Singe, na kwa sababu niliibeba kutoka barabarani hadi uani kwa mwendo wa polepole mno, ili kila mtu anione.

Mwanangu, ili unielewe, sharti ujue nilikuwa mtu wa namna gani. Sikusoma utotoni. Darasa la watu wazima nililianza nikiwa tayari na watoto wawili, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka 2008 kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu. Nilipofaulu, nilikitundika cheti sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuketi asikione. Wenzangu wakaanza kuniita Mwalimu. Walikuwa wananitania, na nilijua wananitania, lakini niliitika.

Ndoo ile ilikuja kwa sababu ya meno. Umewaona watu wa huku wenye meno ya rangi ya kahawia. Wageni hudhani ni uchafu. Kisima chetu kirefu kina madini ya floraidi kupita kiasi, na mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, meno huota yakiwa na madoa yasiyotolewa na mswaki wowote. Watoto wangu wawili wa kwanza walikwisha kuota ya namna hiyo. Kitinda mimba wangu, Upendo, alikuwa na miaka mitatu. Kwake bado palikuwa na nafasi, na nafasi hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali.

Aliyeleta ndoo alikuwa mtafiti kijana aitwaye Eliya, pamoja na wenzake wa maabara ya chuo. Walikuwa wamegundua kwamba mifupa ikichomwa vizuri katika tanuru hadi ikawa mkaa, mkaa huo huyanasa yale madini maji yanapopita. Katika mkutano wa kwanza alitueleza kwamba maabara walikwisha kuupima mkaa wao mara nyingi, tena ukafanya vizuri. "Lakini maji ya maabara hayana vumbi la Singe," akasema, "wala hayana mtoto wa kuchezea koki. Ndiyo maana tumekuja majumbani. Tunataka kujua mkaa unachoka lini. Tukishajua, tutapeleka taarifa kwenye mamlaka ya viwango, na wao wakiridhika, ndipo fundi atengeneze ndoo nyingi na duka liuze. Juu ya mfuniko tutaandika: badilisha mkaa baada ya miezi kadhaa. Idadi ya miezi hiyo mtatuambia ninyi."

Naomba uyashike maneno hayo. Mimi niliyasikia, nikayanakili kwa mwandiko mzuri, na sikuyaelewa.

Katika mkutano ule alikuwepo Mama Salma, mfanyabiashara wa vyombo vya nyumbani pale sokoni Babati, mwanamke wa makamo aliyenizidi umri kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyeombwa auze ndoo hizo pindi zitakaporuhusiwa. Alinyoosha mkono, akauliza:

"Mifupa yenyewe ya mnyama gani?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Mama Salma, utakunywa maji au utakula nyama?"

"Chekeni," akajibu bila kugeuka. "Nitakayeulizwa dukani ni mimi, wala si wewe. Mwislamu mwenzangu akiniuliza, nimwambie nini? Nimwambie sijui, ila watu walicheka?"

Eliya hakucheka. Alimpeleka machinjioni, akamwonyesha ng'ombe wanapochinjwa na mifupa inapokusanywa, na Mama Salma akarudi siku nyingine kuhakikisha kwamba alichoonyeshwa ndicho kinachofanyika hata wakati yeye hayupo. Mimi nilimwona mshamba. Nilisema hivyo, tena mbele za watu: kwamba mtu asiye na elimu huuliza mambo ya pembeni. Leo nikilikumbuka neno hilo, hujikuta nimeinamisha uso nikiwa peke yangu jikoni.

Walinichagua mwenyekiti wa nyumba za majaribio. Kazi haikuwa ngumu. Kila Jumatano ya mwisho wa mwezi mwenye nyumba alijaza chupa ndogo kwenye koki ya ndoo yake, na Eliya akapita kuzikusanya kwa ajili ya maabara. Mara nyingine alipima palepale pia, kwa matone ya dawa: maji yaliyo salama yalibaki na rangi ya waridi, na yenye madini mengi yaligeuka manjano. Mwezi baada ya mwezi, maji yangu yalibaki ya waridi. Mwezi baada ya mwezi niliwatangazia wenzangu, kana kwamba ni mimi niliyechoma mifupa.

Jumatano ya tarehe 28 Oktoba, maji yangu yaligeuka manjano.

"Mama Upendo, mkaa wako umeanza kuchoka," Eliya akasema, na kwa mshangao wangu alikuwa anafurahi. "Vizuri sana. Hiki ndicho tunachokitafuta. Chupa ya mwezi ujao ikithibitisha, tutakuwekea mkaa mpya, mtoto asiendelee kunywa haya."

Jirani yangu Mama Yakobo alikuwa amesimama kwenye ua, na maji yake siku hiyo yalikuwa bado ya waridi. Akaniita kwa sauti ya kuvuta: "Mwalimuuu! Leo umepata ngapi?"

Alikuwa anatania tu, mwanangu. Mzaha wa jirani, ambao kesho yake mwenyewe alikuwa ameshausahau. Lakini mimi niliyetundika cheti ukutani nilisikia neno moja tu, kwamba nimefeli. Nilikuwa nimesoma kwa mwanga wa kibatari wakati wenzangu wamelala, nikachekwa na watoto wa rika la wanangu, nikafaulu. Sikuwa tayari kushindwa na ndoo.

Mvua za vuli zilikuwa zimejaza simtanki langu dogo, lile lililokinga maji ya paa na ambalo tulilitumia kufulia. Maji ya mvua hayana madini yale. Ilipofika Jumatano ya mwisho ya Novemba, sikuijaza chupa kwenye koki ya ndoo. Niliijaza kwenye simtanki. Majibu ya maabara yakarudi mazuri kuliko yote ya mtaa. Desemba nikafanya tena. Eliya alikuna kichwa, akasema huenda lile jaribio la Oktoba alilikosea yeye, na huenda mkaa unadumu kuliko walivyotarajia. Akaniomba radhi kwa kunitia hofu.

Aliniomba radhi, nami nikaipokea.

Na Upendo? Upendo aliendelea kunywa maji ya ndoo. Hili ndilo ninaloshindwa kulisimulia vizuri hata leo. Ya simtanki nilimpa Eliya, yale yaliyogeuka manjano nilimpa mwanangu. Laiti ningeijaza chupa inavyotakiwa, Novemba ileile ningepewa mkaa mpya. Mbele yangu palikuwa na mtoto na palikuwa na sifa, nikaitunza sifa. Nilijiambia kwamba ndoo imechoka kidogo tu, haijaharibika. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Jumatano ya tarehe 27 Januari 2010, asubuhi, Mama Salma alikuja kwangu. Alikuwa ameambiwa kwamba nyumba yangu ndiyo ya mfano, na kwamba miezi itakayoandikwa kwenye mfuniko itaongezwa kwa sababu ya majibu yangu. Akataka aione ndoo hiyo ya ajabu kabla hajaanza kuwaambia wateja. Hakubisha hodi mlangoni. Alizunguka kwa upande wa uani, kama wanawake tufanyavyo, na akanikuta nimechuchumaa kwenye simtanki, chupa ya maabara ikiwa mkononi.

"Shikamoo Mama Salma," nikasema, nikisimama haraka.

"Marahaba. Mbona unachota huko? Si wanasema ni ya kwenye koki?"

"Haya ni masafi zaidi," nikajibu.

Kwanza alicheka. "Kumbe ndiyo siri! Basi nami nitauza simtanki, niachane na mifupa yenu." Kisha kicheko kikakatika katikati. Aliitazama chupa, akanitazama mimi, akamtazama Upendo, aliyekuwa amesimama kwenye ndoo anakunywa kwa kikombe chake cha plastiki.

Alikwenda akamshika mkono taratibu, akakichukua kikombe, akayamwaga maji chini. Hakuniomba ruhusa.

"Mama Upendo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, "mimi niliuliza mifupa ni ya mnyama gani, mkanicheka, lakini nikajibiwa. Sikuwahi kufikiri kwamba nilipaswa kuuliza pia maji ni ya wapi. Ningesimama dukani kwangu, nimwambie mama mwenye mtoto kama huyu, chukua, haina neno, itadumu. Angeniamini. Unajua kwa nini angeniamini? Kwa sababu mimi nilikuamini wewe uliyesoma."

Nilianza kueleza. Nilisema habari za Mama Yakobo, nikasema habari za Oktoba. Kadiri nilivyoendelea ndivyo maneno yangu yalivyozidi kuwa madogo. Nilipoishiwa, alitoa simu yake, akampigia Eliya, na bila kusema naye neno akaniwekea simu sikioni.

Nilimwambia. Eliya akauliza, "Kwa nini, mama?"

"Nilidhani ni mtihani," nikasema.

"Ulikuwa mtihani, mama. Mtahiniwa alikuwa ndoo."

Hakunikaripia zaidi ya hapo. Siku hiyohiyo alikuja na mkaa mpya, akaubadilisha kwa mikono yake, akamsalimu Upendo kwa jina. Lakini aliponiaga hakunitazama usoni, na alikuwa na haki.

Taarifa iliyokwisha kuandikwa kwa ajili ya mamlaka ya viwango ilirudishwa. Majaribio yakarefushwa kupita masika mengine. Maana yake ni kwamba kina mama waliokuwa wakiisubiri ndoo ile ifike dukani, ambao hawakunijua wala sikuwajua, waliendelea kuwapa watoto wao maji ya kisima kwa muda wote ule wa nyongeza, kwa sababu yangu. Hilo nalo nalibeba.

Ndoo ilifika dukani kwa Mama Salma hatimaye, ikiwa na miezi michache kwenye mfuniko, miezi ya kweli. Upendo leo ni msichana mkubwa. Meno yake ni bora kuliko ya kaka zake, ila mawili ya mbele, juu, yana madoa. Nilimuuliza daktari wa meno kama ni kwa sababu ya miezi ile. Alisema hakuna awezaye kujua ni maji ya mwezi gani yaliyotia doa. Alidhani ananifariji. Upendo akicheka, hufunika mdomo kwa kiganja.

Sasa nikwambie ninachotaka ukichukue. Dawa unayomeza, chanjo anayochomwa mwanao, chujio unalonunua, vyote vilipitia kwanza kwa watu wa kawaida waliokubali kujaribiwa navyo. Huenda siku moja wakaja kwako wakaomba hivyo. Ukikubali, useme kilichotokea, si kile kitakachowapendeza. Kama dawa imekuumiza kichwa, sema. Kama ulisahau kuimeza siku mbili, sema ulisahau. Kama kitu kimeshindwa mikononi mwako, kushindwa huko ni habari njema kwa mtu usiyemjua, kwani yeye ataonywa mapema. Usimfiche mtafiti ubaya wa kitu chake kwa kumwonea haya, wala kwa kujionea fahari. Na kama wewe ndiye muuzaji au mnunuzi, uliza mpaka utosheke, hata watu wacheke. Elimu niliyoitafuta kwa taabu ilinifundisha kujibu maswali. Kuuliza nilifundishwa na mwanamke niliyemwita mshamba.

Mungu akujalie ulimi usiokuwa na haya ya kusema "kimeshindikana." Akupe watoto wanaocheka mdomo wazi. Na siku utakapopotoka, akuletee uani mtu atakayekimwaga kikombe kabla hajakuogopa.

Shauri lenyewe liliamuliwa rasmi Alhamisi ya tarehe 11 Februari 2010, katika ofisi ya kata, kwenye kikao cha wenye nyumba za majaribio. Nilivaa nguo zangu za kanisani. Mtendaji wa kata alisoma mapendekezo kwa sauti: kwamba majibu ya nyumba yangu kuanzia Novemba yafutwe, kwamba majaribio yarudiwe, na kwamba nafasi ya mwenyekiti ijazwe na mtu mwingine. Hakuna aliyenitania siku hiyo. Mama Yakobo alikuwa analia, kana kwamba kosa ni la mzaha wake.

"Wanaoafiki wanyooshe mikono," Mtendaji akasema.

Mikono ikanyooka chumba kizima. Alianza kuihesabu, kisha akasita, akanigeukia. Akasema kwa upole kwamba mimi bado ni mjumbe halali, ila hakuna atakayenilaumu nikijizuia kupiga kura.

Nilinyoosha wangu. Akauhesabu.