Mstari wa Sitini

Sijamsamehe yule shefu wa mtaa wetu, na sioni kwa nini nimsamehe.

Enzi za Zaire, kila Jumamosi asubuhi sisi watu wa Kindu tulitolewa kufanya salongo: kufyeka majani, kuzibua mitaro, kazi ya bure kwa taifa. Wazee walisamehewa. Lakini mzee ni nani? Shefu alikuwa na jibu lake: aliyetimiza miaka sitini. Ambaye hajatimiza, ashike jembe.

Baba yangu alikuwa na hamsini na tisa, kwa karatasi. Kitambulisho kilisema amezaliwa "yapata" mwaka fulani, kwa sababu karani wa zamani za Wabelgiji alimfungua mdomo, akamtazama meno kama mbuzi wa sokoni, akakisia. Kisio hilo sasa limekuwa sheria! Kifua chake kilikuwa kimekwisha kwa kuchimba madini ya bati migodini Kalima. Akitoka msikitini alisimama mara kwa mara njiani, akijifanya anasalimia watu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu. Chuoni nilijifunza seti za aina mbili. Za kwanza ndizo tulizowachorea wanafunzi ubaoni mfano wa kiazi: kitu kiko ndani au kiko nje. Za pili ni za maneno yasiyo na mpaka, kama mzee, au mrefu, au joto. Humo kila mtu hupewa namba kati ya sifuri na moja: mtoto mchanga sifuri, kikongwe moja, wengine wote wako katikati, wanapanda polepole. Nilizipenda kwa sababu zinasema ukweli. Hakuna mtu anayelala kijana akaamka mzee.

Nikamwendea shefu, nikamweleza hayo kwa adabu zote. Nikamwambia uzee wa baba, ukichanganya miaka, kifua na mgongo, hauko chini ya sifuri nukta tisa. Basi apewe japo kazi ya kukaa, anoe mapanga. Mjinga mimi, nilidhani ananisikiliza. Alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Sitwayene, hiyo hesabu ufundishe watoto," akasema, akiniita "raia wa kike" kwa Kifaransa kama serikali ilivyoagiza. "Mimi niko na sitini tu. Baba yako angojee mwaka kesho."

Baba alinikataza kurudi kule kumwombea. Jumamosi iliyofuata aliingia mtaroni, maji ya mvua magotini, akachimba sambamba na vijana. Jioni homa ikampanda, kifua kikabana. Hakumaliza wiki.

Shefu alikuja matangani amevaa abakosti, ile suti ya serikali isiyo na tai, imepigwa pasi, akasimama mbele ya watu kutoa pole.

"Leo mutaa yetu imepoteza muzee mukubwa," akasema.

Nikainuka upande wa wanawake, mbele ya masheikh na majirani. Sikupaza sauti.

"Alikuwa muzee tangu lini, Shefu?"

Shangazi akanivuta kitenge nikae. Sikukaa.