Zamu ya Penseli

Habari za kifo chake zilinifikia Jumatatu, nikiwa nyumbani Ipuli, kwa simu ya mtu nisiyemjua. Aliniambia kwamba yule mzee wa Igalula niliyekaa naye dawati moja sekondari amefariki, na wamekwisha kumzika. Wasomaji wangu mnajua nimewaaga wengi katika safu hii, na kila mara nilipata la kusema. Kwa huyu sina la kusema ila kosa langu.

Enzi za Ujamaa, shuleni kwetu Tabora, palikuwa na mwalimu wa hesabu aliyewahi kuiona kompyuta Dar es Salaam, akaapa kutufundisha kuiandikia programu ingawa mashine yenyewe hatukuwa nayo. Tulitumia karatasi. Alitukalisha wawili wawili, penseli moja. Mwenye penseli aliandika tu, kusema mwiko. Mwenzake ndiye aliyefikiri na kutamka amri moja moja, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kengele ikilia, mnabadilishana. Siku moja tulipewa kupanga zamu za shamba la shule, asiwepo wa kupalilia mara mbili kabla wote hawajapalilia mara moja. Mwenzangu, mtoto wa mkulima, aliitamka programu nzima bila kusita. Mimi, mtoto wa mjini mtaa wa Ng'ambo, niliyejaliwa mwandiko tu, niliandika. Kengele haijalia, akaingia mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kusomea kompyuta. Mwalimu alikuwa ameitwa ofisini. Mgeni akaisoma karatasi yetu mara mbili, akauliza mwandiko ule ni wa nani. Nikasimama. Ningeweza kusema kwamba kichwa ni cha huyu hapa. Lakini mwenye penseli hasemi, nami nikajificha nyuma ya kanuni hiyo, na mgeni akaliandika jina langu.

Tulipotoka nje nilitamani mwenzangu anitukane. Alinitazama tu, akasema, "Nenda. Mmoja wetu akiiona mashine, tumeiona wote." Nikaenda. Yeye akarudi Igalula kulima tumbaku, na sikumwandikia hata barua. Asubuhi tuliimba umoja mstarini, tukalima pamoja, tukala sahani moja, lakini nafasi ilipokuja ilikuwa ya mmoja, na sikumbuki yeyote aliyeona ajabu. Siulaumu wakati ule. Nilikuwa na mdomo.

Juzi nilipanda treni kwenda kuhani. Binti yake alinipa shikamoo, akanikaribisha jamvini, akanieleza jinsi baba yao alivyowafundisha hesabu hapo hapo uani, wawili wawili, kwa penseli moja. Kisha akasema polepole, "Baba alikuwa akituambia bado anangoja zamu yake. Tulidhani anatania." Nikashindwa kumwambia mimi ni nani. Nilikunywa uji wake, nikaaga.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu amenikuta mzee, sina wa kumwomba radhi. Nawasihi ninyi mlio na muda: kama kuna mtu aliyefikiri, wewe ukaandika tu, mtaje mbele za watu angali anasikia. Msiniige mimi. Nimeijaza safu nzima kwa ajili yake, penseli ingali mkononi mwangu, na jina lake bado sijaliandika.