Profesa na Benchi la Jumapili

Wauguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili walimbatiza jina la Profesa, naye hakulikataa, maana wanafunzi wa udaktari waliopita mikononi mwake wangejaza ukumbi. Kabla ya hapo alikuwa fundi makochi, tena fundi hasa, wa kushona kitambaa cha maua hadi maua yakutane kwenye mshono. Kisha akaugua akili. Sasa alikuwa ametulia. Dawa alimeza bila kubembelezwa, alitandika kitanda chake na cha jirani, ila hakuna aliyekuja kumchukua, na wodi ikawa ndiyo kwake.

Kila kundi jipya lililoletwa kujifunza magonjwa ya akili lilianzia kwake. Wagonjwa wengine walikuwa na mambo yao: huyu anajibu kwa kuimba, yule anageukia ukuta. Profesa alijieleza kwa mpangilio kama msomaji wa taarifa ya habari. Sauti zilianza lini, zilimwambia nini, alikula vipi. Mwanafunzi akipotea njia, alimrudisha kwa upole: "Usingizi hujaniuliza, daktari. Usingizi usiuruke, watakufelisha."

Wakifika kwenye familia, jibu lilikuwa lile lile: "Nina dada mmoja, mdogo wangu. Huja Jumapili." Waliandika, wakashukuru, wakaenda zao kunywa chai.

Mwanzoni ilikuwa kweli. Dada alikuja kila Jumapili na sabuni na nguo zilizofuliwa. Mpaka siku moja, ugonjwa ukiwa umempanda, Profesa alimfokea mbele za watu: wewe si dada yangu, umetumwa, usikanyage tena hapa. Dada akaweka mfuko chini, akaondoka, na kweli hakukanyaga tena. Ugonjwa ulipopoa, maneno yale yalibaki kichwani mwake na hakuna dawa iliyoyagusa. Alimtamani dada yake kuliko alivyotamani kutoka wodini, lakini aibu ilimfunga mdomo. Na lile jibu hakulibadilisha, kwa sababu kulibadilisha kungekuwa kukubali kwamba dada hayupo.

Safari hii kundi lilikuja na mwalimu mpya, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo. Alitaka kila mwanafunzi, mgonjwa wake akiridhia, azungumze na ndugu pia. "Mgonjwa atakueleza ugonjwa alivyouona yeye," aliwaambia. "Lakini nani aliyemjua kabla?"

Profesa alipangiwa binti mrefu aliyevaa koti jeupe lililompwaya, mwoga hata wa kukohoa. Alisikiliza somo lote mpaka kwenye dada, hapo kalamu ikasimama. Jumapili iliyopita alikuwa zamu wodini na alimwona Profesa kwa macho yake: kanyoa ndevu, kapiga shati pasi, kaketi kwenye benchi la mlangoni, roho juu kila geti likilia. Hakuna aliyemjia. Wageni wa wenzake walipokwisha kuaga, aliingia ndani, akalivua lile shati na kulikunja taratibu, mkono juu ya mkono, kama la dukani.

"Mjomba," binti alisema, "huyo dada naweza kumpigia simu?"

Profesa akaanza visingizio. Dada ana shughuli nyingi. Dada hapokei namba ngeni. Huenda hata amebadili laini. Binti hakubisha, alitoa simu yake akaiweka magotini. Mwishowe Profesa akaitaja namba yote bila kukwama, kama mtu anayeirudia kila siku. Na kila siku alikuwa akiirudia.

"Weka sauti kubwa," alisema. "Ila mimi sisemi kitu."

"Lazima nimwambie kwamba unasikia."

"Mwambie. Lakini sisemi kitu."

Simu ikaita. Profesa alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Sauti ya kike ikaitika.

"Samahani, mama. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, napiga kutoka wodini kwa kaka yako..."

"Amefariki?"

"Hapana! Hapana, mama, mzima kabisa. Tumekaa naye hapa, anakusikia."

Upande wa pili mtu akapenga kamasi.  Binti akashika lile swali la mwalimu wake kwa kukosa lingine la kushika.

"Naomba unieleze, mama, alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kuugua?"

Profesa akanyanyua kichwa. Miaka yote ile hakuna aliyemuuliza hilo. Wote walianzia kwenye sauti.

"Mtu wa maneno!" dada alisema, na kicheko kikamponyoka. "Mteja anakuja amekasirika, kochi lake limechelewa, anachekeshwa mpaka anasahau kilichomleta. Mimi nilikuwa mtoto. Nikitoka shule namtungia uzi kwenye ile sindano yake kubwa, ananiita fundi mdogo. Nilipoolewa akanitengenezea kochi. Watoto wamelirukia mpaka limebonyea katikati, mume wangu kila siku anataka kulitupa. Nimekataa. Nikamwambia, mwenye kulitengeneza yupo." Akapenga tena. "Lakini alinikataza kuja, daktari. Mbele ya watu. Nikajua bado hataki kuniona."

Binti alimtazama Profesa. Mtu aliyekuwa na jibu kwa kila swali alikuwa analia waziwazi.

"Daktari, bado upo?" dada aliuliza. "Jumapili siku hizi wanafungua saa ngapi?"

Binti hakujua. Alifungua mdomo kusema ataulizia, lakini Profesa alikuwa ameshainamia simu.

"Baada ya chakula cha mchana, fundi mdogo," alisema. "Lakini mimi huwa nimeshakaa mlangoni tangu asubuhi."