Bibi aliondoa mkono kwenye Biblia

Leo nimejua umri wangu mbele ya wakili.

Sina cheti cha kuzaliwa. Chuo kinataka hati ya kiapo kesho, na aliyeniona nikizaliwa ni bibi tu. Ameshuka kutoka mlimani hadi mjini, Levolosi, kuniapia.

Wakili akasoma mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye cheti changu cha shule. Bibi akaondoa mkono kwenye Biblia!

"Huyu mkono wake ulipita juu ya kichwa ukafika sikio la pili mapema, nikamwambia mwalimu ana miaka saba. Alikuwa na sita. Mwalimu nilimdanganya, mwanangu. Mungu siwezi," akamwambia wakili.

Wakili akashika kalamu.

"Sasa bibi, tuandike mwaka upi?"

"Wa kweli."

Ameapa. Kesho nitapeleka karatasi mbili zenye miaka tofauti.

Jamani, naogopa sana. Watanipokea?