Sahani Hairudi Tupu, Hata Ugiriki

Niliweka akiba miaka miwili kwa kuchora vibao vya maduka ya Majengo, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwenye simu, ili siku moja nikaoge baharini. Nilichagua kijiji kimya kwenye kisiwa cha Ugiriki, mwishoni mwa msimu, vyumba vikiwa vimeshuka bei. Siku nne. Niliziandikia ratiba: saa mbili asubuhi, baharini.

Asubuhi ya kwanza, taulo begani, nilimkuta mwenye nyumba mlangoni: bibi mfupi mwenye nguo nyeusi, ameshika sahani ya wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu. Kwa woga nikamwamkia shikamoo na kupiga goti. Aliondoka akinitazama kama mtu anayehitaji kulishwa zaidi.

Nilikula, nikaosha sahani, na hapo ndipo likizo ilipoharibika. Kwetu Old Moshi chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nikampigia mama simu kumuuliza kama sheria hiyo inavuka mpaka.

"Umelelewa na nani wewe?" akasema. "Weka kitu. Hata ndizi moja."

Mtu wa kawaida angeweka ndizi moja. Mimi nilipika chapati. Ya kwanza ilikuwa na pembe, nikaila. Ya pili ilikuwa na pembe zaidi, nikaila. Nilipopata sita za duara jua lilikuwa linazama, na mimi siwezi kuinama.

Kesho yake sahani ilirudi na mkate wa jibini. Nikapika mandazi, mara mbili, kwa sababu yale ya awali yalitofautiana ukubwa. Siku ya tatu alileta samaki mzima, mkia ukining'inia nje ya sahani. Nililia jikoni, na nilikuwa hata sijaanza kukata vitunguu vya pilau.

Siku ya nne boti yangu ilikuwa iondoke saa nane mchana. Asubuhi bibi akagonga. Alikuwa na sahani mbili.

Niliandika kwenye simu ili imtafsirie: "Bibi, nisamehe. Chakula chako ni kitamu sana. Bado sijaingia baharini." Nilifuta na kuandika upya mara nne, nikiogopa kuonekana sina adabu. Kisha nikamwonyesha.

Alisoma, akaketi kwenye ngazi. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu, akanirudishia simu: "Mwanangu, mgongo unaniuma. Napika kila siku kwa sababu wewe huachi."

Tuliziacha sahani hapo hapo ngazini, tukateremka. Ni mwendo wa dakika kumi tu. Bibi aliketi juu ya jiwe, nikampa simu anishikie. Maji yalikuwa ya baridi kama ya mfereji wa kwetu alfajiri, nikasimama yaliponifika magotini. Bibi akaanza kupiga kelele kwa Kigiriki, akipunga mikono yote miwili. Sikujua kama ananiambia nirudi au nisogee mbele.

Nikasogea.