Waya wa Kusikiliza Radi

Wakati wa vita nilikuwa mwalimu wa fizikia huko Butembo, na juu ya bati la nyumba yangu ulipita waya mrefu wa shaba uliofungwa kwenye mkaratusi. Profesa wangu aliniachia kazi alipokimbilia ng'ambo: kusikiliza radi. Radi ikipiga, haitoi mwanga tu, hutoa na mawimbi ya redio. Jua likishatua, mawimbi hayo hupanda hadi kwenye dari ya juu kabisa ya anga, kule hewa inakokaribia kwisha, yakagonga na kurudi chini. Masikioni yanalia "twiu", kama kifaranga aliyekanyagwa. Kwa mlio huo unaweza kupima dari iko juu kiasi gani, na profesa alitaka kujua kama dhoruba za kwetu zinaitikisa. Basi kila magharibi nilivaa visikilizio, nikarekodi kaseti.

Ilikuwa kazi ya kumfaa mtu asiye na wa kuzungumza naye. Mke wangu alikuwa amekwenda Alimbongo kumuuguza mama yake, na askari wakafunga barabara nyuma yake. Asubuhi ile ya kuondoka tulikuwa tumegombana, na hatukupata jioni ya kupatana. Nilisikia radi za upande wa pili wa Kongo, lakini yeye, aliyekuwa mwendo wa siku moja tu kwa lori, sikumsikia. Upweke ule ulinila kimya kimya.

Majirani, kwa upande wao, waliamua kwamba nina foni, ile redio ya kuita watu wa mbali waliyokuwa nayo wafanyabiashara. Mama mmoja muuza maharage alinijia mlangoni.

"Mwalimu, unisaidiye, uite Beni. Mutoto yangu iko kule, mu mutaa ya Mulekera. Dakika moja tu."

"Mama, hii hapana foni. Inasikiaka radi tu, haisemake."

"Mutu anasikilizaka radi juu ya nini?"

Nikamvalisha visikilizio. Alisikiliza sana, amefumba macho, kisha akavivua.

"Lakini mwalimu, hawa batu banaongea! Weye unatunyima tu."

Habari ikazunguka mtaa mzima: mwalimu ana foni, mwalimu ni mchoyo. Nikitoka misa, watu waligeukia pembeni. Iliniuma sana. Nami sina subira na mtu asiyetaka kuelewa, nikaacha kuwasalimia kabla hawajaacha wao.

Aliyenielewa alikuwa Mwislamu mmoja wa Beni, mwenye malori. Yeye alikuwa na foni ya kweli pale Butembo, ila askari walikuwa wameubeba waya wake wa kunasia mawimbi.

"Mwalimu, unipatiye waya yako," aliniambia. "Ku Alimbongo kuko foni moja. Nitakuitia bibi yako."

Bila waya hakuna radi, na profesa alikuwa akingoja kaseti zangu. Nilipanda juu ya mkaratusi siku ile ile, nikaufungua waya.

Chumba cha foni kilijaa watu, na kila neno lilisikiwa na wote. Mwenye malori alinifundisha: unabonyeza kitufe, unasema, unamaliza na "à vous", yaani zamu yako, unaachia, mwenzako anajibu. Mazungumzo yakiisha, mnasema "terminé".

Kule Alimbongo wakaenda kumwita mke wangu, nami nikangoja. Sauti yake ilipotoka kwenye ile mashine, niliisogelea. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kupatana, lakini mbele ya macho yale yote nilisema tu:

"Mama anaendeleaje? Utarudi lini? À vous."

Mashine ikakoroma kidogo. Kisha akasema, polepole, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo:

"Mama anapona. Miye niko muzima. Usiningojeye tena. Terminé."

Watu waliinamisha macho. Mwenye malori akanigusa bega.

"Amefunga, mwalimu. Bengine banangoja."

Nikabonyeza kitufe tena.

"À vous," nikamwambia. "À vous."